Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mashindano ya gemu Kigoma: wizi unaanzia kwenye fomu ya usajili

Ndugu waandaaji, maofisa michezo wa halmashauri, wenye vibanda vya gemu, na ninyi wafadhili mnaotoa zawadi,

YAH: WIZI KWENYE MASHINDANO YA GEMU ZA MTANDAONI

Salaam. Kila mashindano yakiisha, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, kinachofuata kinajulikana. Picha za skrini zilizozungushiwa duara jekundu zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, fulani ameitwa hakeri, fulani amefungiwa maisha, na baada ya wiki mbili linatoka bango la mashindano mengine na wizi, yaani kushinda kwa hila, unarudi vilevile. Tunaowaandikia ni waamuzi, mafundi simu na wachezaji wa gemu za simu: Free Fire na PUBG Mobile za kurushiana risasi, na eFootball ya mpira. Hatukuja kumtetea mwizi. Tumekuja kusema kwamba wengi wanaoiba kwenye gemu hawaanzi na roho mbaya, wanaanza na hesabu, na namba za hesabu hiyo mnaziandika ninyi wenyewe kwenye fomu ya usajili: kiingilio, mgawanyo wa zawadi, aina ya ratiba, na nani anakagua nini.

Tuanze na pesa. Chukueni mashindano ya eFootball ya watu 32, kiingilio shilingi 5,000. Mezani kuna 160,000. Ratiba iliyozoeleka ni mtoano: ukifungwa mechi ya kwanza, umeondoka. Bingwa anabeba 100,000, wa pili anapewa 20,000 na makofi, mwandaaji anabaki na 40,000 ya ukumbi na umeme. Sasa mtazameni kijana aliyetoka Mwandiga. Ametoa kiingilio, nauli ya kuja na kurudi, na bando la siku. Mechi ya kwanza ina dakika kumi na mbili, na akifungwa bao la dakika ya mwisho vyote vimekwenda na maji. Akizima data kabla filimbi haijalia, huenda mechi ikarudiwa. Na kati ya bingwa na wa pili kuna pengo la 80,000, ambalo ndilo mshahara mnaomtengea mwizi bila kujua.

Watu walewale 32 wawekeni kwenye makundi manane ya wanne wanne. Kila mtu ana uhakika wa mechi tatu, kwa hiyo kufungwa moja si msiba. Makundi yanatoa mechi 48, wawili wa juu kila kundi wanaingia mtoano wa 16, na ukijumlisha mechi ya mshindi wa tatu mnafika mechi 64. Mkiweka vituo vinne na robo saa kwa kila mechi, pamoja na dakika tatu za kujipanga, kazi nzima ni saa nne na robo, maana nusu fainali na fainali hazijazi vituo vyote. Zawadi ileile ya 120,000 igawanyeni hivi: bingwa 44,000, wa pili 28,000, wa tatu na wa nne 14,000 kila mmoja, na wanne waliotolewa robo fainali warudishiwe 5,000 yao. Pengo la juu limeshuka kutoka 80,000 hadi 16,000. Tunajua wafadhili watanung'unika kwamba bingwa wa 44,000 hapendezi kwenye bango. Kweli hapendezi. Ila bango la 100,000 ndilo linaloleta watu wa kazi hiyo hata kutoka Kasulu.

Jambo jingine linalosukuma watu kuiba haliandikwi kwenye fomu yoyote, nalo ni imani kwamba wenzako wote wanaiba. Wavuvi wa Kibirizi wanalielewa hili kuliko sisi: mtu hutoi kokoro kwa sababu hujui ni haramu, unalitoa kwa sababu umeona mwenzako kapita nalo jana na hakuguswa. Watafiti waliochambua mtandao wa wachezaji wa Steam, duka la gemu za kompyuta, waliona kitu hichohicho. Waliofungiwa kwa wizi walikuwa na marafiki wengi waliofungiwa pia, na kuwa na marafiki wa namna hiyo kuliongeza uwezekano wa mtu naye kuja kufungiwa. Wizi wa gemu unatembea kwa urafiki. Kwa hiyo kila tuhuma ya uongo inayoachwa izunguke kwenye grupu inawafundisha wasikilizaji hamsini kwamba wao ndio mabwege pekee waliobaki wanacheza safi.

Na tuhuma nyingi ni za uongo. Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana ndipo waamuzi wengi wanapokosea.

Mwanga ndani ya nyuzi za fiba unasafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake kila kilomita 1,000 ya waya inakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Reli ya kutoka Dar es Salaam hadi hapa ina kilomita kama 1,250. Tuseme waya una urefu wa namna hiyo, basi milisekunde 12 au 13 zimekwisha kabla ujumbe wa simu yako haujaiona bahari. Mechi ikipangiwa seva (kompyuta inayoendesha mechi) iliyoko Ulaya, kuna zaidi ya kilomita 10,000 za waya wa baharini, yaani milisekunde 100 nyingine na ushee. Ongezeni mnara wa simu, Wi-Fi ya ukumbi na foleni za njiani, na pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ya milisekunde 150 hadi 200 ni jambo la kawaida. Hakuna bando la kulipia zaidi litakalofupisha umbali huo.

Sasa piga picha ya kona ya ukuta, wachezaji wawili, kila mmoja ana pingi ya 180. Anayekimbia kutoka nyuma ya ukuta tayari anakuona wewe uliyesimama, kwa sababu hukuhama. Kwenye simu yako yeye bado hajatokeza. Picha yake iko njiani. Anafyatua. Seva, ili isimwonee mwenye mtandao wa mbali, inarudisha saa nyuma na kuuliza: wakati huyu anafyatua, kwenye skrini yake adui alikuwa wapi? Jibu linatoka kwamba ulikuwa wazi. Wewe umeshajirudisha nyuma ya ukuta, umeshapumua, ndipo unaanguka. Ukumbi mzima unapiga kelele: hakeri! Hakuna aliyeiba. Aliyetokeza ndiye aliyemwona mwenzake kwanza, na seva imefanya kazi yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya nchi ikayumba, ilikuwa hali ileile kwa ukubwa zaidi. Siku kama hizo kila anayekuua anaonekana mwizi.

Mwamuzi ana dawa yake, na ni ubao na chaki. Dakika kumi kabla ya mechi kila mchezaji aingie uwanja wa mazoezi wa gemu, pingi yake isomwe mara tano na iandikwe hadharani. Msitishwe na namba kubwa iliyotulia. Tishikeni na inayoruka. Mwenye 170 isiyoyumba anacheza vizuri kuliko mwenye 90 inayopanda hadi 240 na kushuka. Tofauti ya juu na chini ikizidi 50, abadilishe laini au asogezwe karibu na ruta. Watazamaji wasiwekwe kwenye Wi-Fi ya wachezaji, hata kama ni mjomba wa mfadhili. Gemu yenyewe inakula makumi machache tu ya megabaiti kwa saa, lakini simu moja pembeni ikianza kushusha sasisho inaijaza foleni ya ruta na pingi za ukumbi mzima zinapanda kwa pamoja. Wapo wanaojua hili na wanalifanya makusudi: rafiki wa mchezaji anakaa dirishani na simu ya pili, mpira ukikaribia goli anaanza kushusha video.

Tukishatenganisha mtandao na wizi, tuseme wizi wenyewe unakaa wapi.

Kwenye bao, kete 64 ziko wazi kwenye mashimo 32 na kila aliyekaa barazani anaziona. Anayedokoa kete, wazee watatu wanamshika mkono. Gemu ya mtandaoni ni karata zilizofunikwa, na ubaya ni kwamba karata za mwenzako umepewa wewe uzishike. Seva lazima ipeleke kwenye simu yako mahali alipo adui kabla hajatokeza, la sivyo angeibuka ghafla kama mzuka. Simu inajua alipo, skrini ndiyo haikuonyeshi. Programu za kuona nyuma ya ukuta zinafunua tu kile ambacho simu imekwishapewa, na ndiyo maana kuzitokomeza ni kazi ngumu. Programu za kulenga ni ndugu zao: zinachukua mahali palepale na kukusogezea kishale kichwani.

Damu yako, risasi zako na almasi zako (pesa za ndani ya gemu) ni habari nyingine, kwa sababu gemu zilizoundwa vizuri zinaviweka kwenye seva. Kuvibadilisha kwenye simu ni sawa na kujiandikia salio la M-Pesa kwenye daftari: unaweza kuandika milioni, wakala hatakupa hata mia. Kwa hiyo yeyote anayeuza programu ya almasi za bure anatafuta nenosiri la akaunti. Liwekeni hili kwenye tangazo lenu, litaokoa akaunti nyingi za watoto wa shule.

Hizo programu zinafikaje Kigoma? Mara nyingi si kwa mtu kuzitafuta. Zinafika kwa njia ya bando. Sasisho la gemu linaweza kuzidi gigabaiti moja, mashindano ni kesho, mtu hana bando la kutosha. Rafiki yake anamrushia faili la kusakinisha gemu (APK) kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili bila bando. Faili hilo limetoka kwa mwingine, aliyelitoa kwenye chaneli ya Telegram, na limeshachakachuliwa: ndani yake kuna kimenyu kidogo cha kuongeza kasi au kuona ukutani. Huyu aliyetaka kusasisha tu sasa ana silaha mfukoni, imewekwa tayari, haikumgharimu hata senti. Ni wangapi wataacha kuigusa wakifungwa mabao mawili?

Hapa mnaweza kukata mzizi kwa gharama ndogo. Fungueni Wi-Fi ya ukumbi jioni ya kabla ya mashindano, kwa ajili ya kusasisha peke yake. Kama nusu ya simu 32 zinahitaji gigabaiti moja na nusu kila moja, jumla ni gigabaiti 24. Kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde hiyo ni kazi ya saa mbili na dakika arobaini. Tangazeni wazi kwamba asiyesasisha jioni hiyo atasasisha kwa bando lake kutoka Duka la Play, na faili la kurushiana halikubaliki.

Kisha kuna meza ya ukaguzi. Tumeona waamuzi wakipekua orodha ya programu wakitafuta jina la kutisha. Haisaidii. Mwaka 2018 mjini Shanghai timu ya OpTic India iliondolewa kwenye mashindano ya Counter-Strike baada ya mchezaji wake kukutwa na programu ya kulenga iliyopewa jina la word.exe, kana kwamba ni ya kuandikia barua. Timu ikavunjwa. Jina la programu ni nguo tu. Mwamuzi aangalie ruhusa.

Simu ikiwa mikononi mwa mwenyewe, si mwa mwamuzi, aifungue hivi. Aende Mipangilio, Programu, aichague gemu, ashuke hadi chini kabisa kwenye maelezo. Kwenye simu nyingi za Android pameandikwa ilikotoka. Iliyotoka Duka la Play itasema hivyo. Pasipoandikwa hivyo, afungue ukurasa wa gemu hiyo dukani. Kila programu ya Android ina saini ya mwenye kuitengeneza, na aliyeichakachua hana saini hiyo, hivyo sasisho halali haliwezi kukaa juu ya toleo bandia. Sasisho likigoma kila mara wakati nafasi na mtandao vipo, aifute na aipakue upya. Akikataa kuifuta, mmeshapata jibu. Baada ya hapo zinafuata ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya kuonekana juu ya programu nyingine, ambayo vimenyu vya wizi vinavyoelea hupenda kuitumia. WhatsApp na programu za simu kuwa nayo si kosa. Tochi au kikokotoo kuwa nayo ni swali. Ya pili ni huduma za ufikivu, zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambazo programu za kujibonyezea skrini hujificha humo. Mwangalie pia alama ya ufunguo wa VPN pale juu, programu za kutengeneza simu ndani ya simu, na kwenye mipangilio ya Duka la Play, sehemu ya Kuhusu, kama kifaa kimeidhinishwa. Simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa ulinzi wake wa ndani, mara nyingi haijaidhinishwa, ingawa mjanja anaweza kulificha hilo. Ukaguzi wote ni dakika nne kwa simu. Wakaguzi wawili wanamaliza simu 32 kwa saa moja na dakika nne.

Ila kuna kundi lisilostahili kuchomwa pamoja na wezi. Simu ya RAM ya gigabaiti 2 au 3 inachora fremu 30 kwa sekunde, yaani picha mpya kila milisekunde 33. Mwenzake mwenye simu ya fremu 90 anapata picha kila milisekunde 11. Huyu wa kwanza anapakua kifaa cha kubadilisha faili la picha ili afungue fremu 60, akiamini anasawazisha mizani. Kanuni za gemu nyingi zinakataza, na hata hivyo simu yake inachemka na kurudi 25 baada ya robo saa. Hapo ndipo wengi wanapoanzia, na akilini mwao si wizi. Mkimpa huyu adhabu ileile ya aliyelenga kwa programu, mmemwambia kwamba kama ni kufungiwa, bora afungiwe kwa kubwa. Sisi tunashauri aliyejitaja mezani kabla ya kukaguliwa afute na acheze. Mkiweza, wekeni kikomo cha fremu kwa wote, 60 au 30, kiandikwe kwenye fomu. Wenye simu kali watalalamika kwa siku moja.

Kuna wizi usiohitaji programu yoyote, na kwa maoni yetu ndio mwingi kuliko wote. Kwenye chumba maalum (mechi ya faragha anayoifungua mwandaaji) cha watu 48 wanaocheza kila mtu peke yake, watano wa mtaa mmoja wanashuka paa moja, wanapishana bila kurushiana risasi, wanasafisha wengine, kisha dakika za mwisho wanne wanasimama wima ili wa tano awaue. Kulishana huko kunategemea pointi zenu. Mkitoa pointi kwa kila aliyeuawa bila kikomo, mmewapa chakula. Wekeni kikomo cha pointi za kuua, tuseme nane kwa mechi, chezeni mechi nne zenye ramani tofauti, na mwamuzi mmoja akae kama mtazamaji ndani ya chumba akiandika nani yuko umbali wa kurushiana mawe na nani bila kufyatua. Mara moja ni bahati. Mara tatu kwa watu walewale ni mpango.

Nywila ya chumba nayo inavuja kwa sababu inatumwa kwenye grupu nusu saa kabla. Itumeni dakika tano kabla, kwa waliosajiliwa, kila mmoja na namba yake ya nafasi, na namba ya utambulisho ya akaunti ilinganishwe na fomu. Anayekaa nafasi isiyo yake atolewe kabla mechi haijaanza. Mkirusha mechi moja kwa moja, icheleweshwe angalau dakika tano, kwani wapo wanaocheza huku ndugu zao wakitazama matangazo na kuwanong'oneza adui yuko wapi.

Mamluki na vijeba mnawajua kutoka kwenye mpira wa shule, na kwenye gemu wapo hivyohivyo. Mamluki anacheza kwa akaunti ya mwenzake, kijeba amefungua akaunti mpya ili awekwe na wanaoanza. Picha ndogo ya video inayoonyesha mikono na skrini kwa pamoja, inayochukuliwa na simu ya pili nyuma ya bega, inamaliza habari ya mamluki. Kurekodi skrini ndani ya simu ya mchezaji si njia nzuri kwa simu zetu: kwa megabiti 8 kwa sekunde, dakika ishirini ni gigabaiti 1.2, nafasi inajaa na gemu inaanza kukwama, kisha kukwama huko kunageuka kuwa utetezi. Mkilazimika, shusheni hadi megabiti 3, dakika ishirini zitakaa kwenye megabaiti 450.

Sasa adhabu. Kampuni kubwa za gemu zimehangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Valve, wenye Steam, ilianzisha mfumo wake wa kukamata wezi, VAC, mwaka 2002 na huchelewesha kufungia kwa makusudi, ili mtengeneza programu asijue ni kitu gani kilichomkamatisha. Riot mwaka 2020 iliweka mlinzi wake aitwaye Vanguard kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ikiwaka pamoja na mashine. Korea Kusini ilibadili sheria mwaka 2016, na mtengeneza programu za wizi anaweza kufungwa jela au kupigwa faini. China, mwaka 2021, polisi walivunja kundi lililouza programu hizo kwa kama dola 10 kwa siku na hadi dola 200 kwa mwezi, wakataja mapato ya dola milioni 76. Wote hao wana wahandisi na mahakama, na wizi bado upo. Ninyi mna ubao, chaki na meza, lakini mna kitu ambacho wao hawana: mchezaji mnamwona kwa macho.

Kwa hiyo fungieni mtu, msifungie akaunti. Akaunti mpya ni kazi ya dakika tano. PUBG Mobile hutoa kifungo cha miaka 10 kwa akaunti na mwenyewe anarudi jioni ileile kwa jina jingine. Garena, wenye Free Fire, hufungia hadi kifaa, na hapo anayeumia pengine ni aliyenunua simu hiyo mtumba bila kujua historia yake. Anayenunua mtumba aijaribu gemu kwanza kabla hajalipa. Sisi tunapendekeza miezi mitatu kwa kosa la kwanza na mwaka kwa la pili, na orodha moja ya namba za simu za usajili ishikwe na waandaaji wote wa Kigoma Mjini na Ujiji, ili aliyefungiwa Gungu asionekane Katonga wiki inayofuata.

Aamuliwe na watu watatu, mmoja wao asiwe na timu. Waangalie video, wasiangalie picha moja ya skrini. Wanatafuta nini? Kishale kinachoruka moja kwa moja hadi kichwani kupita kwenye moshi. Au mtu anayemfuata adui aliye nyuma ya kilima kwa sekunde kadhaa, bila sauti ya hatua wala risasi kumwelekeza. Wapate angalau matukio matatu tofauti kabla ya kuhukumu, kwa kuwa mwenye vipokea sauti vizuri husikia nyayo na huonekana mchawi kwa asiyevaa. Kurudia kwa gemu baada ya kifo kusitegemewe peke yake. Hakuonyeshi sawasawa kile alichokiona muuaji. Mtuhumiwa apewe siku tatu za kujitetea.

Picha za sura zisiende kwenye magrupu. Wengi wao hawajafika miaka 18, mzazi au mlezi aitwe kabla ya mtu mwingine yeyote kujua, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo haimsamehe mwandaaji kwa kuwa alikuwa na hasira. Dau la pembeni nalo likomeshwe. Watazamaji wakishaweka hela juu ya mechi, kufungwa kwa makusudi kunalipa kuliko kushinda, na hakuna ukaguzi wa simu utakaoona hilo.

Fomu mpya ya usajili tumeshaiandika, karatasi moja mbele na nyuma, pamoja na jedwali la ratiba ya watu 16, 32 na 48 na karatasi ya mkaguzi ya dakika nne. Tunaomba mashindano yajayo, yoyote yatakayotangulia, yatupe meza moja, viti viwili na soketi ya umeme karibu na mlango, saa moja na ushee kabla ya mechi ya kwanza. Posho hatudai. Tunachodai ni kwamba simu ikikataliwa mezani isije ikaruhusiwa kwa simu ya mfadhili.

Wenu,

Waamuzi, mafundi simu na wachezaji
Kigoma Mjini na Ujiji